Kiti cha Shule, Kiti cha Posta

Mwaka wa kumi baada ya vita, mwalimu mkuu wa Weidenau, mji mdogo wa milimani huko Austria, alistaafu. Kwa miaka minane shule iliendeshwa na naibu wake, Hermine Zechner, huku mzee akisinzia. Hermine alijua kiti ni chake.

Lakini siku zile kiti hakikuwa cha mtu, kilikuwa cha chama. Chama Chekundu cha viwandani na Chama Cheusi cha kanisani vilikuwa vimepigana kwa risasi kabla ya vita. Sasa vilitawala pamoja, na kwa kutoaminiana viligawana kila kitu. Mkubwa akiwa wa chama hiki, naibu ni wa kile, na barua haiendi bila saini zote mbili.

Jumapili, Puchleitner, katibu wa Wekundu, alikuja nyumbani kwa Hermine. Alimaliza kwanza madonge mawili ya ini katika supu aliyoandaliwa.

"Ndugu Hermine, tumepata posta. Shule tumewaachia Weusi."

"Posta anapewa nani?"

Katibu alimgeukia Alois, mume wa Hermine, karani wa stempu. Alois aliiva uso.

"Huyu? Kadi ya chama nilimjazia mimi! Mikutanoni anakoroma."

"Basi umetuletea mtu mtulivu," katibu alicheka.

Alipoondoka, Hermine alisema, "Kataa, Alois. Ukikataa, mgawo unageuka, shule inarudi kwetu."

"Mke wangu, wewe huitwa mbele kila siku. Mimi nimeitwa leo tu."

Jioni alimkuta mbele ya kioo, akijipima kofia ya mkuu wa posta. Alimwonea wivu. Angeweza kumvumilia Notburga Haas, mwalimu wa Chama Cheusi aliyepewa shule. Lakini shingo hii, ambayo kola zake alizipiga pasi mwenyewe!

Jumatatu Notburga alimletea barua ya uteuzi wake wa ukuu wa shule.

"Inangoja saini yako, mwalimu mwenzangu."

"Nisipotia?"

"Naibu wa posta ni wetu. Naye hatatia saini barua ya mumeo."

Hermine aliishika kalamu mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Kisha alitia saini, akaipeleka barua posta mwenyewe, akapanga foleni kama wengine.

"Mhuri, Bwana Mkuu."

Alois alitafuta tabasamu usoni mwake, asilione. Akagonga.

"Mhuri umeenda upande," alisema Hermine. "Gonga tena."