Mahari ya Muhirwa, asiyejulikana alipo

Ukungu wa Ziwa Nakivale haujainuka, lakini Constance tayari amechutama nyuma ya nyumba yake ya udongo. Kibuyu amekiinamisha mdomo chini, juu ya kigae chenye makaa. Moshi unapanda ndani taratibu. Anakigeuza, anakinusa, anakirudisha.

“Bado,” anasema, kama mtu anayeonja mboga. “Kingali kinanuka jana.”

Makaa yenyewe ni ya vijiti vya mzeituni wa porini, na juu yake hunyunyiza majani makavu ya mchaichai. Hapa kwenye makazi ya wakimbizi, nchini Uganda, wafugaji wengi hufukiza vibuyu vya maziwa, kila nyumba kwa namna yake. Namna hii ya mchaichai ni ya Constance peke yake. Majirani humtania wakimuuliza kama anapika chai au anauza maziwa.

Ng'ombe hana. Ni binti wa wakulima wa mihogo kutoka bondeni, upande wa Uvira, Kivu Kusini. Maziwa huyanunua kwa wafugaji, huyagandisha kibuyuni, kisha hupanda pikapu ya maziwa hadi Mbarara, karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Huko wateja wake wakubwa ni askari na wake zao.

“Mama wa moshi!” anaita Koplo Mbabazi kabla Constance hajashusha mzigo. “Leta kikombe yangu.”

“Afande, si jana ulisema tumbo inauma?”

“Ilikuwa inauma sababu wewe haukukuja.”

Wote wanacheka. Siku nzuri Constance hubaki na shilingi kama elfu nane. Zinatosha unga, chumvi, mafuta ya taa.

“Na sabuni,” anaongeza, na hapo cheko linamtoka la namna nyingine, la kujicheka mwenyewe. Maana sabuni ndiyo iliyomharibia ndoa kabla hajaolewa.

Alikuwa msichana bado. Siku za soko, watu wa bondeni walipanda na mihogo na mawese. Wafugaji wa mlimani walileta maziwa na siagi. Vita vya mwaka 1996 vilikuwa vimekwisha kuwafundisha watu wa pande hizo mbili kuogopana, lakini soko lilikuwa halijafundishika. Hapo ndipo alipomwona Muhirwa, kijana mrefu mwenye haya, aliyemjazia maziwa hadi yakamwagika kwa fungu moja tu la mihogo.

“Nilimwambia, kaka, unafilisisha mama yako,” anakumbuka. “Akasema, mama yangu iko na ng'ombe mingi, mimi niko na macho mawili tu, wacha niangalie.”

Nyumbani kwa Constance walikataa: mkwe mfugaji, siku hizi? Kwa Muhirwa, mama yake, Nyirakamana, alikubali angalau kumwona msichana. Constance akapanda mlima akiwa na kitenge kipya.

“Nilitaka banione mwenye bidii,” anasema. “Nikaona kibuyu cha maziwa kimelala pale. Nikakiosha na sabuni, nikasugua mpaka ndani. Mi nilijua nafanya muzuri!”

Kwa mfugaji, kibuyu hakionani na sabuni maisha yake yote. Husafishwa kwa moshi. Sabuni ikishaingia kwenye kuta zake, maziwa hayalali humo tena. Nyirakamana alikinusa, akakitupa uani.

“Huyu atatuua na kiu,” alimwambia mwanawe. Tangu siku hiyo hakumwita jina. Alimwita Binti Sabuni.

Muhirwa hakumkasirikia. Kila siku ya soko alimchukua pembeni, akamfundisha juu ya kigae: vijiti hivi, majani haya, usiharakishe. Mchanganyiko ule wa mchaichai ulikuwa wa mama yake. Hakuna nyumba nyingine mlimani iliyoutumia. “Siku moja atakunywa mkononi mwako,” alimwambia, “na atanyamaza.”

Siku hiyo haikufika. Agosti 1998 vita vikawaka upya. Walikuwa wamepatana kwamba Alhamisi Muhirwa atashuka kumchukua, waondoke wote. Habari za risasi zilipofika Jumatano, Constance hakuweza kungoja. Akapanda kwa njia ya juu, ndani ya mianzi, amkute kwao.

Muhirwa naye hakuweza kungoja. Jumatano hiyohiyo alishuka kumfuata, kwa njia ya mtoni.

“Kama mmoja wetu angekuwa mvivu kidogo tu,” anasema Constance, na sentensi hiyo haimalizi.

Alikuta boma tupu. Majivu yalikuwa bado ya moto. Mlangoni kilining'inia kibuyu kimoja kilichosahaulika, chenye ufa shingoni ulioshonwa kwa uzi wa mkonge. Alikaa nacho mapajani hadi watu waliokuwa wakikimbia walipomwambia njia ya kurudi bondeni imefungwa. Akaondoka nacho. Kimepita naye nchi baada ya nchi hadi hapa Nakivale, ambako kaka yake, Anselme, alikuwa ametangulia.

Miaka yote alijifariji kwa jambo moja: Muhirwa, alipomkosa bondeni, bila shaka alirudi kwa mama yake. Wako pamoja mahali fulani. Ndiyo maana mshenga wa fundi baiskeli, mgane mpole wa hapa makazini, amerudi mara mbili mikono mitupu. Ndiyo maana pia kila Jumapili, baada ya ibada, Constance huwapelekea maziwa wakimbizi wapya wanaoshushwa na malori, akitazama nyuso.

Jumapili moja mwaka jana, bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho alipokea kikombe, akakifikisha mdomoni, akasita.

“Nani alifukiza hii?”

“Ni mimi, mama.”

Bibi akanyoosha mkono, akapapasa kibuyu hadi kwenye ufa wa shingoni. Vidole vikausoma mshono alioushona mwenyewe zamani.

Constance alikuwa amekwisha kupiga magoti. “Mama, ni mimi. Binti Sabuni.”

Nyirakamana akamshika uso kwa mikono miwili. Akacheka, akalia, kisha akachungulia nyuma ya bega la Constance kama anayengojea mtu mwingine aingie.

“Na Muhirwa? Iko fasi gani? Batoto ni bangapi sasa?”

Constance alikuwa amefungua kinywa kuuliza swali hilohilo.

“Nilimfukuza na maneno,” anasimulia leo Nyirakamana, ameketi mkekani akisuka. “Nilimwambia, kwenda na Sabuni wako. Akasema, mama, nitarudi naye. Miaka yote nikilala njaa nilisema, hapana neno, bale babili bako pamoja, banakula.”

“Na mimi nilijua iko kwako,” anasema Constance kwa sauti ndogo. “Ile Jumapili ndiyo alipotea.”

Majirani walishauri wafanye matanga, wapumzike. Nyirakamana alikuwa tayari kukubali, Constance alikataa. “Nimulilie kama nani?” aliuliza. “Mi si muke yake, si mjane. Kumungoja, sina jina. Kumulilia, sina jina.”

Jioni bibi akauliza ng'ombe wa mahari hapa Uganda anauzwaje.

Anselme, mwenye kupokea mahari badala ya baba yao marehemu, alidhani anataniwa. “Mahari ya bwana ambaye hata hajulikani kama yuko? Na wewe dada, utajilipia mwenyewe?”

“Unyamaze, mutoto wa mihogo,” bibi alimjibu. “Ng'ombe atatoka mkononi mwangu.”

Na anatoka, polepole. Nyirakamana husuka vifuniko vya vibuyu, vile virefu vyenye ncha, kwa kupapasa tu. Constance huviuza Makenke. Koplo Mbabazi amenunua viwili na bado analalamika hana kibuyu cha kuvifunika. Mtamba mwekundu wa mzee Rwakabuba, mfugaji jirani, amekwisha kutengwa. Iliyobaki kulipiwa ni nusu yake, na bibi hutania kuwa ni nusu yenye mkia.

Wamepanga ng'ombe afikishwe kwa Anselme mvua zikianza, nyimbo ziimbwe, Nyirakamana anywe maziwa mkononi mwa mkwe wake mbele ya watu. Anselme amekubali. Anasema tu hajui atatazama upande gani wakati bwana harusi atakapotajwa.

Constance anakiinua kibuyu kutoka kwenye moshi na kumpelekea bibi. Nyirakamana anakinusa kwa muda mrefu. Hasemi kitu.

Constance anafunga kifuniko, anajitwisha mzigo. Barabarani pikapu imeshaanza kupiga honi.

“Akirudi,” anasema, “akute nimeshaolewa. Akasirike, aulize ni nani huyo aliyenioa.” Anatabasamu, macho yako kwenye njia inayotoka mpakani. “Nitamuambia ni yeye.”