Wifi Alivyogundua Hedhi Yangu Imekatika

Hedhi ilipokosekana mwezi wa nne mfululizo, wifi yangu alijua kabla sijakiri. Tuliishi nyumba moja Ihumwa, na kwa kuwa maji tulinunua kwa ndoo, tulifua pamoja. Vitambaa vyangu vya mwezi alivijua kimoja kimoja. Mume wangu, yaani kaka yake, alikuwa kambi ya ujenzi wa barabara Mtwara tangu mavuno, miezi sita nyuma. Mimi nilikuwa nikisoma shule ya jioni, na kichefuchefu kilinitesa hivi kwamba harufu ya mlenda ingeweza kunirusha mpaka Kibakwe.

"Wifi, huyo mwalimu wenu wa hesabu anawafundisha nini?" akaniuliza.

"Hesabu."

"Hesabu za watu wangapi?"

Siku hiyo hiyo akampigia kaka yake. Mume wangu akaniambia neno moja tu: nikapime, la sivyo asinikute.

Nikaenda kituo cha afya, wifi nyuma yangu kama askari magereza. Mkojo ukapimwa: hakuna mimba. Wifi akataka urudiwe, naye asimame mlangoni. Ukarudiwa: hakuna.

Daktari, mama wa makamo, akamtoa nje, kisha akaniuliza maswali elfu. Nimekonda? Nina mawazo? Nimechomwa sindano ya uzazi wa mpango? Maziwa yanatoka? Hapo nikaitikia kwa kichwa. Yalitoka matone, nami niliyaficha, maana wifi angeshona nepi.

"Unatumia dawa gani?"

"Hakuna, daktari."

Majibu ya damu yakaonyesha homoni ya maziwa iko juu mno. Daktari akanitazama kwa shaka. "Mama, hebu mwaga huo mkoba."

Vikaanguka vidonge vya kuzuia kutapika, nilivyojinunulia duka la dawa na kuvimeza kila siku kwa miezi. Nilidhani dawa ni ile unayoandikiwa; hivi vilikuwa vya kutuliza tumbo tu!

"Hivi ndivyo vimepandisha homoni na kukata hedhi," akasema. Akavisimamisha, akatibu vidonda vya tumbo, alivyogundua kuwa ndivyo vilivyonichefua, akaonya kwamba hedhi isiporudi tutachunguza tezi ya shingo na ya kichwani.

Wiki ya sita hedhi ikarudi. Nilipiga vigelegele vya kusikika Msalato, nikampigia mume wangu. 

"Nisamehe, mke wangu."

Kabla sijajibu, wifi akadakia kutoka mlangoni:

"Mwezi mmoja si ushahidi. Tusubiri wa pili."