Kabla Hujashika Waya

Ipo siku moja ya Desemba, mwanangu, ambayo haijanitoka hadi leo nikiwa na mvi, na mchoro wa vipimo ulionitumia jana kutoka huko ng'ambo umeniamshia hofu yake yote.

Nami nilikuwa nasomea uzamifu huko huko, nimekuja nyumbani Embu kwa Krismasi. Maabara tulikuwa na waya mwembamba mno, usioonekana kwa macho, uliogusana na metali ambayo kwenye baridi kali hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Tulikuwa tunatafuta hali ya Majorana, hali adimu ya elektroni ambayo bado haijathibitishwa. Wewe unaijua: huja kwa nusu mbili, moja kila mwisho wa waya, na dalili yake ni kilele kwenye mchoro wa vipimo, kinachosimama pale pale kwenye nishati sifuri. Nilikipata kilele hicho mwisho wa kushoto, kizuri ajabu. Profesa wangu alifurahi, akaandika makala. Alikuwa anangoja neno langu tu aitume.

Sasa nikwambie nililoficha. Mwisho wa kulia sikuupima. Niliandika kwamba kiunganishi chake kimeharibika, na hakikuwa kimeharibika. Niliogopa. Nilijua kwamba hali ya kawaida tu, inayotokana na kasoro ndogo karibu na ncha moja, inaweza kukaa kwenye sifuri kwa bahati ikafanana kabisa na Majorana. Ukitaka kuzitenganisha, unapima ncha zote mbili uone kama vilele vinatokea pamoja, kisha unabadilisha volteji na sumaku kidogo uone kama vinabaki. Mimi nilijikausha.

Mjomba Nyaga, kaka yake mama, alikuwa fundi wa stima. Asubuhi hiyo alikuwa akibadilisha soketi nyumbani kwetu, mtaa wa Dallas hapo Embu, nami msomi nikajitia kumsaidia. Alizima laini, akaniambia nipime waya kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka pakiwa na umeme. Nikaupima pale mlangoni, taa haikuwaka, nikamwambia ashike tu. Yeye alikuwa jikoni kwenye ncha ya pili, mkono ameshaunyoosha. Akausimamisha.

"Na huku umepima?"

Nikamjibu kwamba waya ni huo huo mmoja. Alitoa testa yake mfukoni, akagusa, ikawaka. Kumbe waya ulikuwa umekatikia ndani ya ukuta, na nusu ya jikoni ilikuwa ikipata umeme kutoka chumba kingine. Mjomba aliketi kwenye ndoo ya rangi.

"Wanja, mimi nimezika fundi mwenzangu juu ya hiyo maneno yako."

Nikaanza kulia, na nikajikuta namweleza habari za maabara, makala na kile kiunganishi. Sidhani alielewa hata nusu yake. Aliniuliza tu naogopa nini hasa. Nikasema naogopa nipime upande wa pili nikose kitu.

"Na usipopima, hicho kitu kitakuja?"

Nilimwandikia profesa siku hiyo hiyo kwamba asitume makala, kiunganishi ni kizima. Januari nikapima. Mwisho wa kulia hapakuwa na kilele chochote. Nikasogeza volteji kidogo, na kilele changu cha kushoto kikagawanyika kikaihama sifuri. Ilikuwa hali ya kawaida. Profesa hakunisemesha kwa wiki kadhaa, na masomo yalirefuka miaka miwili. Hadi leo naota kwamba ile makala ilitoka, na kijana nisiyemjua amejenga kazi yake yote juu ya uongo wangu. Naamka, na usingizi haurudi tena.

Mwanangu, mchoro wako ni mzuri, lakini ni wa ncha moja. Unasema ya pili ina kelele, vipimo vyake vinarukaruka. Huenda ni kweli. Usitume chochote kabla hujaipima, wala usinichagulie volteji zinazopendeza ukaficha nyingine. Nionyeshe zote. Ukikosa kitu, nipigie simu, sitakugombeza. Mungu aibariki mikono yako, akukinge na sifa isiyo yako, na akikunyima Majorana, akupe usingizi.