Nani Anakula Bustani Yangu ya Majini?

Alhamdulillahi, sifa zote ni zake Yeye aoteshaye majani hata chini ya maji, akanipa uzee wenye nafasi ya kuyatazama.

Binti yangu aliniletea tangi la kioo la kufugia samaki. Nikatandaza mchanga, nikapanga mawe, nikapanda majani niliyoyang'oa kwenye bwawa la njia ya Kanga. Kisha nikatia perege mmoja wa bwawa hilohilo, ili asione ugeni.

Kila niliporudi kutoka sala ya alfajiri nilikuta majani yamepungua. Mlango ulikuwa na komeo, na humo ndani tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Siku moja mchicha wa mchana niliupekua kwa ncha za vidole kabla ya kuula.

"Umepoteza sindano, baba watoto?" akauliza.

"Nayatafuta majani yangu."

Aliangua kicheko, akanivuta mkono mpaka kwenye tangi. "Basi mtazame mwizi wako. Umemlaza shambani mwenyewe!"

Perege alikuwa ameng'ata jani changa, mkia ukitikisika kwa raha.

Nikamwomba mke wangu radhi. "Radhi utaipata huyu akishaiva," akasema, akaenda kuchukua mbuzi akune nazi.

Tulimla na wali. Majani yakachipua upya. Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu aijaze nyumba yako mapenzi, akuepushe na dhana mbaya juu ya wanaokupikia.