Kalamu sita zilivyowamaliza wanandoa wa godoro

Saa tatu asubuhi, ndani ya chumba kidogo cha kurekodia, mwanamke wa miaka arobaini na minne anasoma namba ya simu kwenye kipaza sauti. Anaisoma mara tatu. Fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, anazungusha kidole hewani: haraka zaidi, sekunde thelathini hazitoshi.

"Hii ndiyo kazi yangu siku hizi," anasema mtunzi huyo wa matangazo ya redio. "Kukimbizana na namba."

Wenzake humwita Mama Sogea. Jina lilitokana na tangazo aliloliandika miaka minane iliyopita kwa duka moja la magodoro. Mume na mke wamenuniana, wamelala. Mke anasema, "Sogea." Mume: "Nimesogea." Mke: "Sogea tena." Mume: "Nikisogea zaidi nitahitaji nauli." Jina la duka likatajwa mara moja, basi. Watu walitaniana kwa maneno hayo hadi kwenye foleni za benki.

Sifa alipewa yeye, lakini anazikataa. Anasema zilimstahili mwenye duka, mzee mkavu asiyejua kucheka. Siku ya kumsomea tangazo, Mama Sogea alimwomba afumbe macho asikilize, maana msikilizaji wa redio haoni karatasi. Mzee akakubali. Mkewe alipotaka bei zitajwe na wanawe wakataka muziki, akawatoa wote nje.

"Aliniambia, 'Sikukuita ili nije nikusaidie kuandika.' Nina miaka ishirini kwenye kazi hii, na kauli hiyo nimeisikia mara moja tu."

Mzee sasa amepumzika, magoti yamemgomea. Duka analo mwanawe mkubwa, na mwezi uliopita aliagiza tangazo jipya la wanandoa walewale.

Mama Sogea aliliandika wiki mbili. Wanandoa wamezeeka, wamepatana, na mke anapapasa kumtafuta mumewe kitandani, hamfikii kwa upana wa godoro. "Uko wapi?" "Huku. Nakuja." Anakiri kwamba hajawahi kuipenda kazi yake yoyote kiasi hicho.

Kwenye kikao, bosi mpya alikataa kufumba macho. Alitaka nakala sita, kwake na kwa watu wake watano. Mama Sogea akazitoa.

"Nilijimaliza mwenyewe," anasema. "Mtu ukimpa karatasi na kalamu mbele ya bosi wake, ataona aibu kuirudisha safi."

Shemeji wa bosi akaongeza matawi yote ya duka. Mhasibu akaongeza punguzo. Mke wa bosi akaona uzee unaleta mkosi. Ilipofika rasimu ya tisa, wanandoa walibakiwa na sentensi moja: mume anamtangazia mkewe punguzo la asilimia kumi. Hilo ndilo tangazo analolirekodi leo. Ana hasira, tena haifichi, lakini ada za watoto wawili hazingoji.

Jioni, yeye na mdogo wake wa kike hutengeneza sabuni za mche nyuma ya nyumba. Mwakani wanataka kuzitangaza redioni. Nilidhani ataandika mwenyewe. Akatikisa kichwa: ataandika mwenzake wa meza ya jirani, ambaye mwaka mzima kila kazi yake imechanwachanwa na wateja.

"Atakachoniletea ndicho kitakachotoka. Nataka angalau mtu mmoja kwenye jengo hili aisikie kazi yake ikiwa nzima."

Na sabuni zisipouzika?

"Tutafulia wenyewe."