Kinu cha Ulaya

Habari za kile kinu nilizisikia kwanza kwenye simu ya mama mdogo, jikoni kwetu Kihesa, nikiwa namenya viazi. Ilikuwa sauti ya mwanaume iliyotumwa kwenye kundi la akina mama wa kanisani. Alisema wazungu wana kinu kikubwa wamekifukia chini ya ardhi huko Ulaya, kinagonganisha chembe, kilikuwa kimezimwa na sasa kinawashwa tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Chembe zikigongana litafunguka shimo jeusi, litaanza kumeza Ulaya, halafu kwingine. Alitaja mpaka siku.

Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho. "Kama wanaanza na Ulaya, sisi tutawahi kuvuna," akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Mimi sikucheka. Niseme kabisa kwamba mimi ni mtu wa kuona aibu. Darasani nikiitwa jina naitika chini chini mpaka mwalimu anaita tena, na hapo watu wanageuka kuniangalia, basi inakuwa mbaya zaidi. Wazazi wangu wako Mbeya. Huku Iringa naishi kwa bibi, mama yake baba, pamoja na baba mdogo na mkewe, huyo mama mdogo, kwa sababu ya shule. Nilikuwa kidato cha tatu, nimechagua kuendelea na fizikia, na nyumbani walishaanza kuniita mwanafizikia. Mwanafizikia gani anaogopa sauti ya WhatsApp? Kwa hiyo nikaendelea kumenya viazi.

Wiki ile kila mtu alikuwa na lake la kusema. Vijana wa bodaboda pale kona walikuwa wanawaambia abiria, "Panda tu dada, kesho hatupo." Fundi simu alikuwa na video ya anga linazunguka kama maji yanayoingia kwenye bomba, na watoto wamejaa mlangoni kwake. Darasani kuna wavulana walikataa kufanya hesabu za nyumbani, wakaandika ubaoni: SHIMO LITASAHIHISHA.

Mwalimu wetu wa fizikia, madam, ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote. Alitutoa nje mpaka uwanja wa netiboli, akachora duara kubwa kwa majivu ya jikoni. Akasema tusiwe watu wa kusikia tu, leo tutakiona kinu chenyewe. Kule Ulaya, alisema, kuna bomba la duara refu sana, ndani wametoa kila kitu, hata hewa, ni tupu kabisa, ili chembe zikimbie bila kujikwaa. Moja inazungushwa huku, nyingine kule, mpaka zinakutana.

"Sasa nataka chembe mbili."

Akanichagua mimi, pamoja na kijana mrefu kuliko wote darasani. Yeye akimbie kulia, mimi kushoto, tukikutana tugonganishe viganja. Darasa zima likaanza kupiga makofi. Nilikimbia vizuri tu mpaka nilipomwona anakuja, miguu mirefu, meno nje. Nikasimama. Nikachuchumaa katikati ya mstari wa majivu, nikajifunika uso. Yeye akaniruka.

"Chembe imeogopa!" mtu akapiga kelele.

"Kinu kimekufa, leteni fundi!"

Hata madam alicheka. Kuanzia siku hiyo jina langu shuleni likawa Chembe.

Jioni bibi aliniuliza, kama kawaida yake, leo wamewafundisha nini. Alikuwa anapepeta mchele. Bibi anaongea Kihehe, Kiswahili anakiongea akitaka, na Kihehe changu mimi mtoto wa Mbeya ni cha salamu tu. Nikamweleza kuhusu kinu.

"Hicho kinu kinatwanga nini?"

"Chembe, bibi."

"Chembe ya mahindi?"

"Hapana, ndogo sana, hazionekani."

"Na ndani yake mmesema kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wametoa hata hewa. Ni kitupu."

Bibi aliweka ungo chini. Mtu wa kwetu ataelewa. Kwa bibi kinu hakitwangwi kitupu. Mtoto akishika mchi akaanza kupiga kinu kisicho na kitu ndani, hata kwa mchezo, anafukuzwa pale, kwa sababu sauti ile inaita msiba. Mimi mwenyewe nilishachapwa kwa hilo, likizo moja, nikiwa mdogo.

"Kinu kitupu," bibi akasema. "Watu wazima na akili zao."

Ningeweza kumwambia kwamba kinu ni jina tu, kwamba ni mashine. Sikusema, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa.

Siku iliyotajwa ilifika. Asubuhi nilivaa sare, nikaomba simu ya mama mdogo, nikamwandikia mama yangu Mbeya: "Mama nisamehe kwa yote. Nakupenda. Msalimie baba." Nikarudisha simu, nikaenda kunywa chai.

Sikumaliza kikombe. Simu ikaita. Ile simu spika ya sikioni imekufa, ukipokea lazima uweke sauti ya nje, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Mwanangu, ni nani?" Mama alikuwa analia. "Niambie ni nani aliyekupa mimba. Sitakupiga."

Baba mdogo alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Mswaki ukasimama.

"Mama, siyo hivyo."

"Ni mwanafunzi mwenzio au ni mtu mzima?"

"Mama, ni kinu."

"Kinu? Huyo Kinu anakaa wapi? Ni wa hapo Kihesa?"

Mama mdogo akakaa chini, akashika tumbo kwa kucheka. Baba mdogo akatema dawa ya meno nje, akarudi, akasema kwenye simu, "Shemeji, tulia, huyo Kinu ni wa Ulaya." Ilibidi nieleze yote, pale pale, wote wanasikiliza. Mama akapenga kamasi. Halafu akasema kwa sauti iliyochoka, "Nenda shule."

Nikaenda shule. Jua likatua kama siku zote. Hakuna shimo lililofunguka, labda lile nililotamani kuingia mimi.

Ningeliacha jambo hili hapo kama lingebaki la kuchekesha. Mwaka uliofuata bibi alipatikana na uvimbe kwenye titi. Alikuwa ameuficha muda mrefu chini ya kanga. Walimfanyia upasuaji, kisha daktari akasema aende Dar akapigwe mionzi, tena asichelewe. Siku ya kuambiwa nilikuwepo, nimeshika mkoba wake. Nesi alikuwa mpole, alitaka kumtuliza. "Ni mashine tu, bibi," akasema. "Ndani yake inakimbiza chembe ndogo sana. Hutasikia chochote."

 Bibi aligeuza shingo, akaniangalia mimi.

Nyumbani akasema haendi. Hakupiga kelele wala kulia. Alisema ameishi inatosha na hatakwenda kulala ndani ya kinu kitupu. Baba akaja kutoka Mbeya. Tukakaa sebuleni wote, na walipomaliza maneno yao baba akasema, "Haya, mwanafizikia wetu, simama. Mweleze bibi yako."

Nilisimama. Nilijua kidogo, sitasema sikujua. Ila fizikia tunaisoma kwa Kiingereza. Nilikuwa na maneno ya mtihani kichwani, na mbele yangu kuna bibi anayewaza kwa Kihehe, na katikati hakuna daraja. "Bibi, ile ni tofauti," nikasema. "Ile ni... enaji yake ni..."

Bibi akaniacha nihangaike, kisha akauliza taratibu, kwa Kiswahili, ili wote waelewe:

"Wewe ulimuaga mama yako kwa ajili ya kinu kiko Ulaya. Leo unaniambia mimi niingie ndani?"

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Baba alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, hakuwa na hasira, ni kama mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia. Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa kwenye kuni. Nilijua kwamba bibi yangu anaweza kufa, na kwamba sababu anayoitoa ni mimi.

Kesho yake nilimfuata madam ofisini. Nilizunguka mlangoni mpaka akasema, "Chembe, ingia au ondoka." Nikaingia. Nilimweleza yote, hata ule ujumbe kwa mama. Nilidhani atacheka. Akavuta karatasi, akanichorea ile mashine ya hospitali. Akasema ni ya jamii moja na ile ya Ulaya, tusidanganye, ila ni ndogo, inaingia chumbani. Bomba lake ni tupu ndiyo, lakini mwishoni kuna kipande cha chuma. Chembe zinakikimbilia, zinakigonga, na hapo ndipo unatoka ule mwanga usioonekana unaokwenda kuchoma ugonjwa. Nikamwomba aniambie tena, polepole, kwa Kiswahili.

Nikamkuta bibi anachambua maharage. Nikakaa, nikachambua naye. Sikumwangalia usoni, hiyo ilinisaidia.

"Bibi, siyo kitupu. Kuna kinachotwangwa."

"Nini?"

"Chuma."

Mikono yake ikasimama. "Wanatwanga chuma?"

"Ndiyo."

"Kiwe unga?"

"Hapana... hakiwi unga. Kinatoa mwanga."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika upande ule wa mshono, akasema kitu kwa Kihehe ambacho sikukielewa, halafu akacheka tena. "Wanatwanga chuma," akasema, "na mchi hauonekani." Ulikuwa muda mrefu hajacheka. Sikujua kama nimeeleza kitu au nimekuwa kichekesho tena.

Alipotulia akauliza, "Siku ile ya kinu cha Ulaya, baada ya mama yako kukata simu, ulifanya nini?"

"Nilienda shule."

"Huku unaogopa?"

"Huku naogopa."

Akaendelea na maharage. Tulipokaribia kumaliza akasema, "Likizo ya wiki ijayo utanipeleka. Mpaka mlangoni."

Tulikwenda mimi, bibi na baba mdogo. Basi liliposimama Ilula, bibi alifungua dirisha akabishana na wauza nyanya mpaka dereva akapiga honi, na hakununua. Ruaha Mbuyuni, joto lilipoanza, alivua sweta, akalikunja, akanipa nilibebe. Dar aliniacha nitangulie.

Mlango wa chumba cha mionzi pale hospitali ni mnene kuliko mlango wowote niliowahi kuuona. Bibi alikuwa ameshika mkono wangu. Kijana wa pale akasema, "Msindikizaji anaishia hapa." Bibi akaniachia, akaingia bila kugeuka. Mlango ukajifunga taratibu.

Nikakaa kwenye benchi na sweta lake. Nilichojisikia ni nafuu. Nafuu kwamba siyo mimi. Niliona aibu kiasi kwamba baba mdogo aliniuliza kama naumwa.

Bibi alimaliza zile siku zote alizopangiwa. Ngozi ya kifuani iliungua, ikawa nyeusi, na alikuwa anachoka hata kwa kunywa uji. Daktari amesema tuwe tunarudi kupima. Hatujui bado.

Tuliporudi Kihesa, akina mama wa kanisani walikuja kumpa pole, na mchele na sukari. Bibi aliwasimulia yote, chumba, mlango, baridi ya mle ndani. Kisha akaninyooshea kidole nilipokuwa nagawa chai. "Huyu ndiye alinieleza mpaka nikaelewa." Wote wakageuka. "Hongera mwanangu," "kweli shule inasaidia." Nilikimbilia jikoni na sinia likiwa bado na vikombe vilivyojaa.

Mama mmoja akanifuata. Kwenye kwaya huwa anaimba sauti ya pili, namfahamu kwa sura tu. Akafunga mlango wa jikoni nyuma yake.

"Na mimi nimeandikiwa kwenda kwenye mionzi," akasema chini chini. "Nyumbani sijawaambia. Wewe uliyesoma, eti inauma?"

Ningeweza kumjibu kama madam. Maneno sasa nilikuwa nayo.

"Sijui," nikasema. "Mimi sikuingia. Nilibaki nje, na nilifurahi kubaki nje. Aliyeingia ni bibi. Tukamuulize yeye."

Aliangalia chini, akawa anakunja ncha ya kitenge chake. "Wale wote wamekaa pale. Naona aibu."

"Hata mimi," nikasema.

Tukasimama pale mpaka chai ikaanza kupoa. Halafu yeye akashika upande mmoja wa sinia, mimi upande wa pili, tukarudi sebuleni.