Kanzu Nyeupe, Ukuta wa Chokaa

Nilijifunza kutengeneza michezo ya kompyuta peke yangu, nyumbani Tibirinzi, baada ya saa za kazi, kwa kusoma ukurasa baada ya ukurasa na kujaribu kila kitu kabla ya kukiamini. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa kuanua karafuu: zimetandazwa juani juu ya majamvi, wingu linakuja, na mchezaji lazima azikusanye kabla hazijatota. Nilitaka mwenye karafuu awe mtu wa kweli, asimame pembeni ya jamvi. Nikamtaka mkwe wangu.

Mkwe wangu, baba wa mke wangu, ana shamba Wawi. Hapendi picha. Alikuwa amepigwa ya hati ya kwenda Hijja na ya kitambulisho cha kupigia kura, na zote, alisema, kwa kulazimika. Mke wangu ndiye aliyemwomba.

"Baba, ni kwa ajili ya watoto, wajue karafuu zinavyoanuliwa."

Akanitazama mimi, si binti yake. "Utaniweka kwa heshima?"

Nikasema inshallah, nitamweka kwa heshima.

Maelekezo yote niliyosoma yalitaka mtu asimame mbele ya kitambaa cha kijani, ili programu iiondoe rangi hiyo na kumbakisha yeye. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Kumsimamisha mzee yule mbele ya kijani, rangi ya chama, hapa Pemba, halafu nitembee na picha hiyo kwenye simu, lilikuwa jambo lisilowezekana. Na vitambaa vingine tulivyokuwa navyo ndani, rangi zake nazo zilikuwa na wenyewe. Nikauona ukuta wa nyumba yake, mweupe wa chokaa. Ukuta hauna chama. Akasimama hapo na ndevu zake nyeupe, kofia nyeupe na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Nikajiona mtu wa busara.

Programu ya michezo ikaikataa picha ya simu. Nikabadilisha herufi za mwisho za jina la faili. Ikakataa tena, maana gunia la chumvi hata ukiliandika sukari, ndani ni chumvi. Nikaigeuza kweli, ikawa faili la JPG. Ikakubaliwa, lakini mzee aliingia shambani na ukuta wake mgongoni, mstatili mweupe katikati ya mikarafuu. JPG haihifadhi uwazi, yaani sehemu za kuonyesha kilicho nyuma; PNG huhifadhi. Nikaifanya PNG, nikaiamuru programu iondoe kila kilicho cheupe. Ilikuwa asubuhi ya Idi na wageni walishaanza kuingia barazani kwangu. Nilipoona faili limehifadhiwa nikaliingiza kwenye mchezo bila kulifungua.

Mzee naye alikuja, nikamkalisha mbele kabisa ya kioo cha kompyuta. Mchezo ukafunguka: jamvi, karafuu, wingu. Pembeni ya jamvi ulining'inia uso, hauna kofia wala ndevu. Chini yake mikono miwili. Chini zaidi, ndara. Katikati palionekana mikarafuu.

"Yarabi! Mzee kawa jini!" akasema shemeji yangu.

"Jini gani huyo mwenye ndara?" akadakia jirani. "Tazama, majani yote yaonekana tumboni mwake!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka. Si sana, lakini mzee alinisikia.

"Nguo zangu ziko wapi?" akaniuliza.

"Programu imeziondoa, baba. Ni kosa la rangi."

"Programu." Akaichukua bakora yake, akainuka. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Akaingia ndani kwa binti yake, na hakutoka mpaka wageni walipokwisha kuondoka.

Miaka yote ya ndoa yangu sijapata kumwona mzee yule kifua wazi. Hilo halifanyiki baina ya wakwe. Na mimi ndiye niliyemweka hivyo mbele ya watu, kisha nikacheka nao.

Baadaye nilimkata kwa mkono, nikiufuata ukingo wa kanzu nukta kwa nukta, mpaka akasimama mzima. Nikampelekea Wawi. Alivaa miwani, akatazama kwa makini.

"Hii nzuri. Hata kofia umeirudisha."

"Basi nikuache humo, baba?"

"Wale waliocheka, watakuja kuitazama hii?"

Nikapangusa kioo kwa ncha ya shati.

"Basi nitoe, mwanangu. Huna lawama."

Nikamfuta mbele yake, ile picha mbaya na ile nzuri. Jamvi lilipobaki peke yake kwenye kioo, akaagiza kahawa iletwe, tukanywa tukizungumza habari za mvua.

Tangu siku hiyo, kila nikienda kwake humkuta amevaa koti jeusi juu ya kanzu, vifungo vyote vimefungwa, hata jua likiwa kali. Mke wangu husema ni uzee, baba anasikia baridi.